Mutua Alisema na Gari, Nami Nilisikia

Jumapili jioni, Umoja. Agosti 1984.

Hujambo, wewe utakayesoma haya? Na watu wa nyumbani kwako, wote hawajambo? Kama umeamka na afya, shukuru. Mimi mwili ni mzima. Nimekwenda kanisani, nimerudi, nimekula. Baridi ni ile ya Agosti, mawingu yamelala juu ya mabati tangu asubuhi na hayataki kuamka. Roho ndiyo sijui niseme nini juu yake.

Nje, kwenye bomba la maji, amefungwa mbuzi. Ni mbuzi wangu tangu mchana wa leo. Analia. Kila akilia nasikia uso unaniwaka moto.

Sikustahili mbuzi huyu.

Acha nieleze polepole. Nisipoeleza leo, najijua, nitakuwa nimeshajisamehe kufikia Jumatano.

Mimi nilikuwa dereva wa mkate. Miaka mingi nimeendesha pikapu ya kiwanda cha mikate, Makadara, Eastleigh, Majengo, mpaka huku Umoja tangu nyumba zikiwa mpya. Watoto walinijua kwa harufu kabla hawajaona gari. Mwaka jana kiwanda kikafungwa. Nikakaa nyumbani mpaka mke wangu, Mama Mwende, akaanza kunitazama kama kabati lililowekwa mahali pabaya. Basi nikaenda kufanya mtihani wa leseni ya magari makubwa, mtu wa miaka arobaini na sita katikati ya vijana walioniamkia "shikamoo mwalimu" wakidhani nimekuja kuwafundisha. Nikapita. Kanisa likaniombea, nikapata nafasi katika yadi moja ya malori kule viwandani.

Yadi ile ina desturi yake. Dereva mpya hakabidhiwi lori hivi hivi. Anaunganishwa na dereva wa zamani, wanakwenda Mombasa na kurudi safari mbili tatu, mpya akishika usukani na wa zamani akikaa kando. Mwisho wake yule wa zamani anasimama mbele ya msimamizi na kusema neno moja. "Anafaa." Au, "Hafai." Neno hilo ndilo linalokupa ufunguo.

Msimamizi wetu, Bwana Salim, ni mtu wa pwani, mcheshi. Aliposikia kwamba Mutua, dereva wake anayemwamini kuliko wote, ndiye aliyemwoa binti yangu Mwende, alipiga makofi.

"Basi mambo yamekwisha! Mkwe atamfundisha mkwe. Nani atakupenda kuliko huyu?"

Mutua akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama ukuta.

Bwana Salim hakujua, na angejuaje? Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni. Ni haya, lakini si haya ya msichana wa kuposwa. Ni heshima yenye woga ndani yake, kati ya mtu na wakwe zake. Mutua hanitazami machoni. Haketi kula mbele yangu. Jina langu halitamki. Tukikutana njiani anapisha mpaka kwenye majani. Na zaidi ya yote, hawezi kuniambia kwamba nimekosea. Paa langu likiwaka moto, Mutua atatafuta mtoto amwambie mtoto aje aniambie.

Sasa mchukue mtu huyo, umfungie na mimi ndani ya kabini ya lori, umwambie anifundishe kazi.

Safari ya kwanza alikaa amebanwa na mlango kama mtu anayengoja kusukumwa nje. Kitanda cha kabini aliniachia, yeye akalala chini ya lori juu ya mkeka. Hotelini Mtito Andei alichukua sahani yake akazunguka nyuma ya jengo kula amesimama. Nami nikajiuliza, mtu huyu atanifundishaje na hata shingo haigeuzi?

Lakini desturi ikizuia mdomo huacha ufa mahali. Kwetu, ukitaka kumwambia mkwe jambo, unamwambia mtu wa tatu na mkwe anasikia. Tanboi, yule kijana msaidizi wa lori, angetufaa kwa kazi hiyo, ila tanboi hukaa juu kwenye mzigo, juu ya turubai, na upepo wake. Kabinini hapakuwa na mtu wa tatu.

Basi Mutua akaanza kusema na gari.

"Wewe gari," alisema taratibu, akitazama nje dirishani, "mbona unakumbatia ukingo hivyo? Mbele kuna mama na baiskeli." Nami nikavuta usukani.

"Gari, unakohoa. Gia hiyo imekuchosha." Nami nikabadilisha gia.

"Pole gari, umefanya vizuri." Utacheka, lakini nilifurahi kama mtoto.

Nakwambia kweli, ilikuwa njia nzuri. Hakunivunjia heshima, wala mimi sikuaibika. Safari hiyo ya kwanza nilijifunza mengi kuliko yote niliyofundishwa kwa ajili ya ule mtihani. Kama ningeendelea hivyo, leo ningekuwa naimba.

Tuliporudi yadini madereva walikuwa wamekaa kwenye magurudumu mabovu wanakunywa chai. Mmoja wao, Wafula, mtu wa magharibi, ana sauti ya kuamsha kijiji. Akaniita kutoka mbali.

"Sema, mzee wa mkate! Mkwe amekuonyesha breki iko wapi?"

Nikacheka nao. Halafu akaongeza, "Jamani, dunia imegeuka. Huyu kijana alimpelekea mzee ng'ombe wa mahari. Sasa anamchunga mzee mwenyewe!"

Yadi nzima ikaangua kicheko. Hata Bwana Salim alishika tumbo. Mutua aliondoka haraka akajifanya anakagua tairi.

Nilicheka tena. Lakini neno lile lilishuka ndani, likakaa. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikalipeleka mpaka kwenye maombi ya asubuhi. Anamchunga mzee.

Kwa hiyo safari ya pili nilipanda kabini na moyo mwingine. Tulikuwa tumepakia majani ya chai ya kupeleka bandarini, mzigo uliojaa mpaka juu. Mutua akaanza. "Wewe gari..." Nami nikajisemea moyoni, anasema na gari. Basi gari limjibu.

Sikufanya chochote papo hapo aliposema. Kama alisema punguza, nilingoja kidogo ndipo nipunguze, ili ionekane ni akili yangu. Baadaye hata huko kupunguza nikakuacha. Nilikuwa najionyesha kwa nani? Mle ndani tulikuwa wawili tu.

Tukapita Mariakani. Baada ya hapo barabara inaanza kushuka kuelekea Mazeras, inashuka na kupinda, kuna vibanda na watu kandokando. Sheria ya madereva wa malori, hata mimi nilikuwa nimeshaisikia, ni kwamba unashuka na gia ile ambayo ungepandia. Gari lishikwe na injini, mguu upumzike. Mimi nilikuwa na gia kubwa, na mguu kwenye breki, kama nilivyozoea na pikapu. Pikapu ya mkate haina uzito. Mkate ni hewa.

"Wewe gari," Mutua alisema, na sauti haikuwa ya kawaida. "Mteremko huu ni mrefu. Waungwana hushuka na gia waliyopandia."

Nilisikia.

"Gari, nakuomba. Gia."

Nilisikia vizuri kabisa. Nikakaza macho mbele kama kiziwi.

Kisha ikaja harufu ya breki zinazoungua, ile harufu kali inayoshika koo. Nikakanyaga zaidi. Mguu ukaenda chini na lori likaendelea tu, kama ng'ombe aliyekata kamba. Mbele niliona watu wakisimama kwenye vibanda, halafu niliwaona wakikimbia.

Hapo ndipo Mutua aligeuka. Tangu siku ya harusi ilikuwa mara ya kwanza kumwona mkwe wangu macho kwa macho.

"Toa mguu! Mzee mjinga wewe, toa mguu! Kanyaga klachi! Klachi!"

Akanipiga goti kwa ngumi. Nikakanyaga klachi. Akashika gia kwa mikono miwili akaisukuma, lori likalia kilio sijapata kukisikia, akaingiza nyingine ya chini yake, kisha akaruka juu yangu akavuta usukani kuelekea kwenye tuta la udongo. Tukapanda tuta, tukasimama.

Bampa ilipinda, taa moja ikapasuka. Hakuna aliyeumia. Niliposhuka niliona kwamba gurudumu la mbele lilikuwa limelala juu ya kapu la madafu. Mwenye kapu, mama mmoja mnene wa leso ya kijani, alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mkono mdomoni. Maji ya madafu yalikuwa yakitiririka kwenye vumbi.

Kapu lile ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Tanboi aliteremka kutoka juu, mzima, ila amegeuka rangi. Yeye kule juu hakujua habari za gia. Alichosikia ni ile kelele, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi, na baada ya kuona tu wazima wote alishikwa na kicheko cha woga. "Leo mkwe amemwita mkwe mjinga! Nimesikia kwa masikio haya!"

Habari iliyorudi Nairobi ikawa hiyo. Mutua alimwambia Bwana Salim kwamba barabara ilikuwa na mchanga, lori likateleza. Breki hakuzitaja. Mimi nilisimama kando yake. Nami sikuzitaja. Na kwa kuwa madereva wanapenda tusi kuliko breki, tusi ndilo lililosafiri, likafika Eastleigh anakokaa Mutua, likafika Umoja, likafika kanisani kwetu kabla sijavua koti.

Sasa nifike kwenye leo.

Baada ya ibada, Mutua alikuja nyumbani na Mzee Ndambuki, mzee wa kanisa letu, awe msemaji wake. Mwende alikuja pia, akapita moja kwa moja jikoni kwa mama yake. Na huyo mbuzi alikuja. Kwetu, aliyemtukana mkwe huleta mbuzi. Lakini mwaka huu, wewe unajua ulivyo. Mvua imekataa, nyumbani ng'ombe wanakufa wamesimama, watu wanakula mahindi ya manjano ya msaada. Mbuzi ni mali ya kufichwa. Sijui Mutua alimtoa wapi. Ni mwembamba, mbavu zinahesabika, lakini ni mbuzi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu, lile lenye vitambaa vya Mama Mwende. Mutua alibaki karibu na mlango, ameinama, kofia mkononi. Mzee Ndambuki akasema, "Baba Mwende, kijana huyu anasema ulimi wake uliteleza. Hana neno la kujitetea. Amekuja kuomba."

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kama ule wa kanisa. Ningesema, "Ndambuki, kaa chini nikwambie kilichoteleza." Badala yake nilikohoa kile kikohozi cha wazee.

Nikasema, "Tumesamehe. Lakini vijana wa siku hizi wajifunze kuheshimu."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Haikutosha. Mzee Ndambuki akaniomba nifunge kwa maombi, nikasimama, nikafumba macho, nikamwomba Mungu amfundishe Mutua unyenyekevu. Na Mutua akaitika "Amina". Aliitika kwa sauti ya kweli, si ya kuigiza. Mimi nilikuwa nimefumba macho na ndani ya macho niko na kapu la madafu.

Walipoaga, Mzee Ndambuki akakumbuka jambo. "Na kesho, nasikia kijana atasema neno lako mbele ya msimamizi?"

Mutua akajibu, akiuambia mlango, "Nitasema anafaa."

Angesema nini kingine? Mkwe hawezi kusema baba wa mke wake hafai. Yaani kesho asubuhi nitapewa lori langu mwenyewe na mzigo wake, na mteremko ule ule, na mama yule wa leso ya kijani atakuwa amepata kapu jingine. Na hakutakuwa na mtu kando yangu wa kunipiga goti.

Walipoondoka nilitoka nje kwa sababu nyumba ilinibana. Mwende alikuwa amebaki kumsaidia mama yake, ameinama kwenye bomba anaosha sufuria. Mbuzi alikuwa amefungwa hapo hapo, ameshatafuna nusu ya sukuma wiki ya jirani, na jirani alikuwa anapiga kelele kutoka dirishani, "Baba Mwende! Huyo mgeni wako amekula mboga yangu ya jioni!"

Nikaomba radhi. Jirani akafunga dirisha. Tukabaki watatu, mimi, Mwende na mbuzi.

Baba hamwambii binti yake kwamba ni mwoga. Sijui kama kuna mahali desturi hiyo imeandikwa, lakini mdomo wangu ulikataa. Nikajaribu mara ya kwanza, maneno yakarudi. Kisha nikachuchumaa mbele ya mbuzi.

"Wewe mbuzi," nikasema, "umeletwa kwa mtu asiyefaa. Mguu uliokuwa kwenye breki ulikuwa wangu. Niliambiwa mapema, nikajifanya sisikii."

Sufuria ikanyamaza. Maji yaliendelea kutoka kwenye bomba.

Mwende hakugeuka. Mgongo kwangu, na yeye akaongea na mbuzi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Wewe mbuzi, mwambie mzee tunajua. Mume wangu aliniambia siku ile ile aliporudi. Mwambie hakukuleta wewe kwa sababu mzee ana haki. Alikuleta kwa sababu alimwita baba yangu mjinga mbele za watu, na hilo ni kosa hata kama ni kweli."

Hata kama ni kweli! Sikujua kama nicheke au nilie.

"Na mwambie," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeanza kukatika, "mwambie Mutua halali usingizi. Ananiuliza, nikisema anafaa, nitakuwa nimemwua? Nikisema hafai, nitakuwa nimemzika mbele ya watu? Mbuzi, mwambie baba mimi nina baba mmoja tu."

Akachukua sufuria zake akaingia ndani. Maji alisahau kuyafunga. Niliyafunga mimi.

Ndiyo maana naandika. Mama Mwende ananiita kwa chai, nimemwambia nakuja.

Nilifikiri nimrudishe mbuzi, lakini Mama Mwende alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kumrudisha ni kusema sikusamehe, itakuwa tusi jingine. Mbuzi atakaa. Adhabu yangu itakuwa kumlisha na kumsikia.

Lakini lori sitalipokea.

Kesho nitatangulia yadini kabla Mutua hajafika. Nitasimama mbele ya Bwana Salim, na madereva wakiwa hapo hapo kwenye magurudumu yao na chai yao, nitasema kwamba mchanga haukuwepo. Nitasema breki niliziunguza mimi. Nitaomba nipewe mwalimu mwingine, asiye mkwe wangu, na nitamwomba Wafula kwa jina. Wafula atanitukana kutoka hapa mpaka Mazeras. Atanitukana mpaka vioo vitetemeke, na mimi nitapunguza gia. Kama Bwana Salim atasema kazi imeisha, basi imeisha, nitarudi kutazamwa kama kabati.

Naogopa kile kicheko kuliko nilivyouogopa mteremko. Nimeomba nisipate homa ya ghafla asubuhi, maana najifahamu.

Lililobaki ni Mutua mwenyewe. Kijana akimkosea mkwe wake, njia ipo, wazee waliitengeneza zamani. Mkwe akimkosea kijana, njia iko wapi? Nimemuuliza Mama Mwende, hajui. Mzee Ndambuki sina uso wa kumwuliza. Nimeona moja tu. Nitangoja Mutua afike, asimame upande wake wa lori akikagua tairi kama anavyofanya kila asubuhi, nami nitasimama upande wa pili, tusionane. Nitaweka mkono juu ya bampa iliyopinda.

"Wewe gari," nitasema. "Nilisikia. Kila neno, nilisikia."

Ikiwa kwenu kuna njia bora kuliko hiyo, ya baba kumwomba radhi mume wa binti yake bila kumvunjia heshima, niandikie, tafadhali. Nijibu upesi.